Jina, Mtambo na Njia: Juu ya Kutambua na Kutarehisha Bastola za Gumegume za Kituruki katika Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Miji ya Kitale na Bungoma imo magharibi ya Kenya, mbali na pwani na mbali zaidi na Istanbul. Hata hivyo, swali la silaha za Kituruki si swali geni katika historia ya sehemu hizo. Misafara ya watu wa pwani ilifika Mumias na miguuni mwa Mlima Elgon katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka 1895 askari waliotokana na jeshi la Misri, nchi ambayo kisheria ilikuwa chini ya sultani wa Istanbul, walipigana na Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Tena, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1919 uliwagawia mashamba ya Trans Nzoia askari wa zamani wa Uingereza, na jeshi la nchi hiyo lilikuwa limepambana na Waturuki huko Gallipoli, Iraki na Palestina.

Kwa hiyo, bastola ya gumegume yenye nakshi za fedha na maandishi ya Kiarabu ikionekana katika kabati la makumbusho ya Kitale au katika sanduku la ukoo fulani wa Bungoma, haifai kuikana wala kuisadiki kwa haraka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba silaha ya namna hiyo ina tarehe tatu zilizo mbalimbali: tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kufika mahali ilipo, na tarehe ya jina inaloitwa. Tarehe ya kwanza husomwa katika mtambo na alama za chuma. Ya pili hutafutwa katika historia ya njia. Ya tatu imo katika lugha. Tarehe moja ikitumiwa badala ya nyingine, historia ya watu huharibika, maana umri wa kitu hugeuzwa kuwa umri wa tukio ambalo kitu hicho hakikulishuhudia.

2. Ushahidi wa msamiati

Kiswahili kimehifadhi msamiati mpana wa silaha za moto, na sehemu kubwa ya msamiati huo imo katika kamusi za zamani, tangu kazi za Steere na Krapf katika karne ya 19 hadi zile za Madan na Johnson katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Jina la jumla ni "bunduki". Asili yake ni neno la Kiarabu "bunduq", ambalo hapo kwanza lilitaja tunda lenye ganda gumu, kisha kidonge cha udongo au risasi kilichorushwa kwa upinde, na mwisho silaha yenyewe ya moto. Mfano huu unatosha kuonya kuwa neno linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kinachotajwa nalo. "Mzinga" nalo, ambalo ni neno la Kibantu, lilitaja gogo lililochongwa uwazi kwa ajili ya nyuki kabla ya kupewa silaha nzito iliyofanana nalo kwa umbo.

Muhimu zaidi kwa utarehishaji ni majina yanayoitofautisha bunduki kwa namna inavyowashwa. "Bunduki ya mrao" ni ile inayowashwa kwa kamba au utambi unaofuka moto. "Bunduki ya gumegume" ni ile inayowashwa kwa jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. "Bunduki ya fataki" ni ile inayowashwa kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. "Gobore" ni jina pana zaidi, nalo hutumika kwa bunduki yoyote ya kizamani inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Ikumbukwe kwamba maneno "ya mrao", "ya gumegume" na "ya fataki" hayana kazi pale ambapo pana aina moja tu ya silaha. Mtu hulazimika kusema "bunduki ya gumegume" pale anapotaka msikilizaji asidhani kuwa ni ya mrao au ya fataki. Kwa hiyo kuwapo kwa majina hayo pamoja ni ushahidi kuwa aina zenyewe zilitumika pamoja katika mazingira ya wasemaji, wala si kwamba moja ilikoma ndipo nyingine ikaanza.

Maumbo ya sauti nayo yana habari zake. Chanzo cha mbali cha neno "bastola" ni lugha za Ulaya ya kusini, ambamo neno hilo huanza kwa sauti /p/. Kiswahili kina sauti /p/ tangu asili, na kingaliweza kulipokea neno hilo bila kulibadili kama kingalilipata moja kwa moja kwa Wareno. Sauti /b/ iliyo mwanzoni inaonyesha kuwa neno limepita katika kinywa cha Waarabu, ambao lugha yao haina /p/. Katika "baruti" hali ni kinyume kidogo. Kiarabu cha vitabuni kina "barud", yenye /d/ mwishoni, hali Kiswahili kina /t/. Umbo lenye /t/ linapatikana katika Kituruki "barut", katika Kiajemi, na katika lahaja za Kiarabu za Ghuba. Haitoshi kusema, basi, kuwa neno hili "limetoka Kiarabu" na kuliacha hapo. Sauti yake ya mwisho inaelekeza kwenye biashara ya Bahari ya Hindi na Ghuba, ambamo Waarabu, Waajemi, Wahindi na Waturuki walikutana.

Barani, neno la silaha liliendelea kubadilika. Katika Luganda bunduki ni "emmundu", umbo ambalo sauti zake zimefuata kanuni za Luganda zenyewe: mfuatano wa king'ong'o na /b/ umegeuka kuwa king'ong'o kirefu kwa sababu silabi inayofuata nayo ina king'ong'o. Neno lililokwisha kumezwa na kanuni za fonolojia kiasi hiki ni neno lililozoeleka, si neno la mgeni wa jana.

3. Ushahidi wa mtambo na alama

Lugha peke yake haiwezi kuitarehisha bastola moja. Hapa hapana budi kuugeukia mtambo. Gumegume ya aina ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyoenea duniani, ilipata umbo lake mwanzoni mwa karne ya 17. Nyundo yake imeshika jiwe katikati ya taya mbili. Jiwe hugonga bamba la chuma lililosimama. Bamba hurudi nyuma na kufunua kisahani cha baruti, na cheche huangukia humo. Katika nchi za Bahari ya Kati palikuwa na mtambo mwingine wa jiwe, ambao kamani yake kubwa inaonekana upande wa nje wa bamba la mtambo. Mafundi wa Dola ya Uthmaniya waliupenda sana mtambo huo kwa bunduki ndefu, lakini bastola zao nyingi za karne ya 18 na ya 19 zina mtambo wa Kifaransa.

Bastola ya Kituruki hutambulika kwa mambo kadhaa yakiwa pamoja. Kwanza, mara nyingi haina mdeki wa kweli, yaani ufito wa kushindilia, chini ya mtutu. Ufito ulioonekana hapo huweza kuwa pambo lililochongwa katika mti uleule wa bastola. Mdeki wa kweli ulichukuliwa mbali, ukiwa umening'inizwa kwa kamba. Pili, mti au chuma chake hufunikwa kwa bamba za fedha au shaba zilizonakshiwa, na sehemu za Balkani kama Prizren na Sarajevo zilisifika kwa kazi hiyo. Tatu, huweza kuwa na tughra, ambayo ni alama ya jina la sultani, au mwaka wa Hijria.

Kila moja ya dalili hizi ina hatari yake. Mitutu na mitambo mingi ya bastola hizo ilinunuliwa Ulaya au kuigwa kutoka huko, na jina la Lazarino, mfua mitutu mashuhuri wa Kiitalia, liligongwa na waigaji kwa miaka mingi baada ya mafundi wenyewe kufa. Jina lililo juu ya mtutu, basi, si hati ya kuzaliwa. Mwaka wa Hijria nao unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Katika tarakimu za Kiarabu, tano hufanana na sifuri ya Kizungu, na sifuri ni nukta. Msomaji asiyejua atausoma mwaka 1255 kuwa 1200. Mwaka 1200 wa Hijria ulikuwa 1785 hadi 1786. Mwaka 1255 ulikuwa 1839 hadi 1840. Kosa la tarakimu mbili limezaa kosa la zaidi ya nusu karne, na limeivusha bastola kutoka zama za fataki na kuirudisha katika zama za gumegume pekee. Kwa makisio, mwaka wa Hijria huzidishwa kwa 0.97, kisha huongezwa 622.

Alama za ukaguzi za Ulaya huwa na manufaa zaidi. Silaha zilizopimwa Liège, Ubelgiji, zilipigwa herufi ELG ndani ya duara la yai tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na tangu mwaka 1893 alama hiyo iliongezewa taji juu yake. Kwa hiyo, gumegume yenye ELG iliyovikwa taji haikupimwa kabla ya mwaka huo, hata kama umbo lake ni la babu wa babu. Birmingham nayo ilipata nyumba yake ya ukaguzi kwa sheria ya mwaka 1813.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa kwa mtafiti wa Afrika ya Mashariki. Alexander Forsyth alipata hataza ya kuwasha bunduki kwa dawa ya mlipuko mwaka 1807, na majeshi ya Ulaya yakaanza kuiacha gumegume karibu na mwaka 1840. Mtu aweza kudhani kuwa kila gumegume ni ya kabla ya hapo. Lakini Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliokusudia kuzuia biashara ya watumwa na silaha, ulikataza kuingiza katika sehemu kubwa ya Afrika bunduki za kisasa zenye mitutu ya mikwaruzo, huku ukiacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zenye mitutu laini na baruti ya kawaida. Sheria yenyewe, basi, iliipa gumegume maisha mapya barani Afrika, na mafundi wa Liège na Birmingham waliendelea kuitengeneza kwa ajili ya soko hilo. Mtambo wa jiwe huonyesha mwaka ambao kabla yake silaha haikuweza kuwapo. Hauonyeshi mwaka ambao baada yake haikuweza kutengenezwa.

4. Njia nne

Ikiwa bastola imethibitishwa kuwa ya Kituruki, bado haijajulikana imefikaje Kitale au Bungoma. Njia nne zinafaa kupimwa.

Njia ya kwanza ni ya pwani. Waturuki walifika pwani ya Waswahili zamani: Mir Ali Bey alikuja na merikebu zake katika miaka ya 1580, na mwaka 1589 Wareno walimshinda Mombasa. Lakini tukio hilo lilitangulia gumegume ya Kifaransa, kwa hiyo haliwezi kuwa asili ya bastola ya aina hiyo. Kinachowezekana zaidi ni biashara ya karne ya 19, ambapo Zanzibar ilikuwa soko kuu la silaha. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kila mwaka kupitia bandari za Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, mzigo wa misafara ulikuwa hasa magobore ya Ulaya. Bastola yenye fedha ilikuwa pambo la mtu mwenye cheo, si bidhaa ya kubadilishwa kwa pembe, na Waarabu wa Oman walizoea zaidi bunduki ndefu ya mrao na jambia.

Njia ya pili ni ya Mto Nile. Askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Ikweta walikuwa askari wa Misri, na Lugard aliwachukua wengi wao kuwaingiza Uganda mwaka 1891. Wazao wao ni Wanubi wa Kenya na Uganda. Hao ndio waliobeba urithi wa Kituruki hadi magharibi ya Kenya, lakini urithi huo ulikuwa wa maneno zaidi kuliko wa chuma. Bunduki ya jeshi lao ilikuwa Remington, silaha iliyobuniwa Marekani, inayotiwa risasi kwa nyuma. Cha Kituruki kilikuwa ni vyeo: "bimbashi", "ombasha", "shaushi". Majina kama hayo yalitumika pia katika jeshi la Wadachi huko Tanganyika, kwa kuwa Wissmann aliajiri Wasudani Kairo mwaka 1889. Hata leo askari wa Kenya humwita mkubwa wake "afande", naye hatambui kuwa anatamka "efendi" ya Istanbul.

Njia ya tatu ni ya walowezi waliofika baada ya 1919. Ofisa aliyetoka katika vita na Waturuki aliweza kurudi na bastola ya kale kama kumbukumbu au kitu cha kupamba ukuta. Njia ya nne ni ya Waafrika wenyewe: katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki walitumika katika vikosi vya kazi huko Misri na Mashariki ya Kati, ambako masoko yaliuza vitu vya kale, vya kweli na vya kuigwa.

Kwa bastola ya Kituruki iliyopatikana Kitale, njia ya tatu na ya nne zina nguvu kuliko zile mbili za kwanza. Makumbusho ya Kitale yenyewe yanakumbusha jambo hilo. Yalianzishwa mwaka 1926 na Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, wanyama na vitu vingi vingine. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Katika mji wa namna hiyo, kitu cha kale kinaweza kuwa kimeletwa na mkusanyaji, wala si na historia ya mahali.

5. Vita vya mwaka 1895

Umuhimu wa jambo hili unaonekana vema katika historia ya Wabukusu, ambao watu wa misafara na wakoloni waliwaita Kitosh. Mojawapo ya sababu za vita vya mwaka 1895 ilikuwa ni bunduki. Utawala uliokuwa Mumias ulidai silaha zilizofika kwa Wabukusu kwa mikono ya watoro wa jeshi, na askari waliotumwa kuzidai waliuawa. C. W. Hobley akakusanya jeshi la Wasudani, wapiganaji wa Buganda na washirika wengine, akazivamia Lumboka, karibu na Bungoma, na Chetambe, karibu na Webuye. Upande wake ulikuwa na mzinga wa Hotchkiss. Boma la udongo na handaki lililotosha kumzuia adui mwenye mkuki halikuweza kustahimili silaha hiyo.

Katika masimulizi ya tukio hilo, swali la aina ya bunduki si swali la wapenda vitu vya kale tu. Ikiwa bunduki zilizogombewa zilikuwa za jeshi, zinazotiwa risasi kwa nyuma, basi utawala ulikuwa unahofia silaha zilizo sawa na zake. Ikiwa zilikuwa gumegume za misafara, basi hofu hiyo ilikuwa ya jambo jingine, yaani ya watu waliokataa amri. Sasa chukuliwe kuwa bastola ya gumegume iliyoletwa na mlowezi mwaka 1920 imewekewa kibao kisemacho "silaha ya Wabukusu, karibu 1800". Mwanafunzi atakayesoma kibao hicho ataandika kuwa silaha za moto zilifika Bungoma miongo mingi kabla ya misafara. Mwingine atahitimisha kuwa mashujaa wa Chetambe walikuwa na bastola mikononi na bado wakashindwa. Walioanguka katika handaki la Chetambe watakuwa wamesingiziwa kwa kibao cha karatasi.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Gobore la kweli la ukoo, lililonunuliwa kwa watu wa misafara katika miaka ya 1890, huweza kukataliwa kwa hoja kwamba "gumegume ziliisha mwaka 1840". Mkataba wa Brussels unatosha kuijibu hoja hiyo.

6. Hitimisho

Utaratibu unaofaa, basi, ni kuziandika tarehe tatu mbalimbali, kila moja kwa ushahidi wake. Kabla ya kuifungua silaha, ithibitishwe kuwa haina baruti ndani, maana gobore lililoshindiliwa zamani bado laweza kuua. Kisha yaandikwe maneno ya mwenyewe kama yalivyotamkwa: kama ameiita bastola, gobore, bunduki ya babu au bunduki ya Wanubi, na kwa lugha gani. Maneno hayo yasisahihishwe, kwani jina lisilolingana na mtambo ni ushahidi pia. Huonyesha kuwa silaha imebadili mikono, au kwamba jina limehama kutoka katika kitu kimoja kwenda kingine. Baada ya hapo ndipo zisomwe alama za chuma, na mwisho zipimwe njia.

Wanaisimu wana sehemu yao katika kazi hii, na isiachiwe watunza makumbusho peke yao. Maneno kama mrao, gumegume, fataki na mdeki yanazidi kutoweka katika vinywa vya watu. Kwa vijana wengi fataki ni moto wa sherehe tu, na gumegume husikika zaidi katika msemo "mume gumegume", yaani mtu asiyefaa kitu. Mzee anayejua bado tofauti ya maneno hayo akiondoka bila kuulizwa, chuma kitabaki kabatini na tarehe ya mtambo wake itaweza kusomwa, lakini haitajulikana tena silaha hiyo ilikuwa nani kwa watu wa Bungoma, na kwa nini waliihifadhi.